Waliowahi kukatikiwa na feni belti safarini, tupeane uzoefu

Spacio Nyeusi: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Ubungo, kuna mama kasimama pembeni na Toyota IST yake, boneti juu, mkanda (hiyo feni belti) unaning'inia vipande vipande. Roho imeniuma, maana na wangu umeanza kulia asubuhi nikiwasha gari, kisha unanyamaza. Spacio ya 2002, injini 1ZZ. Fundi mmoja anasema nibadili mkanda tu, mwingine anasema bila tenshena mpya, ile inayoukaza mkanda, natupa hela. Waliopitia haya waseme.

Allion Nyanda za Juu: Tenshena, ndugu yangu. Badili tenshena.

Natoka Dar naenda Iringa na Allion ya 2003, injini hiyohiyo yako. Mkanda mpya nimetoka kufungiwa, na nilimwambia fundi aangalie tenshena kwa sababu pale chini palikuwa pamelowa mafuta. Akasema nzima hiyo. Baadaye ndiyo nikajua kwa nini alisema vile: kwenye 1ZZ ile bolti ndefu ya tenshena haitoki mpaka ufungue mauntingi ya kulia (kishikizo cha injini) na kuinua injini kwa jeki. Akaona kazi ya nini.

Tumepita Doma jua limeshalegea, tukaingia hifadhi ya Mikumi. Mara usukani ukawa mzito. Taa ya betri ikawaka, AC ikaanza kupuliza joto, sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikazima injini palepale, gari ikaserereka hadi pembeni. Nyuma yupo mke wangu na watoto. Kushuka nani ashuke? Kundi la tembo lilikuwa ng'ambo ya barabara linakula. Jike mmoja akageuka, akatanua masikio, akatutazama. Mdogo akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo. Vioo juu, joto, jasho, na malori yanapita tu. Siwalaumu.

Tembo wakavuka nyuma yetu, karibu kabisa. Ndipo semi moja iliyokuwa inaenda Tunduma ikasimama ubavuni mwetu, ikatukinga, utingo akashuka na kamba. Wakatuvuta mdogomdogo mpaka Mikumi mjini, giza limeshaingia. Yule dereva alikataa hata hela ya chai. Mungu amzidishie popote alipo.

Asubuhi fundi wa pale akafungua: puli ya tenshena, kile kigurudumu mkanda unapopita, inacheza kushoto kulia, beringi imekufa, mkanda mpya umechanika mfereji mmoja mmoja. Tenshena kuukuu ndiyo iliyoula.

Binti Msamvu: Pole sana kaka. Mle ndani hata pancha ni mtihani.

Noah Nyeupe: Tembo walikuwa wengi? Ulipiga honi?

Allion Nyanda za Juu: Honi? Nilizima hata taa, mkuu.

Mzee wa Semi: Ulifanya vema. Tembo hapigiwi honi wala hamulikwi taa kubwa. Gari likiwa zima unarudi nyuma taratibu, likiwa bovu unatulia ndani, basi.

Corolla Mia Moja na Kumi: Lakini Allion ni otomatiki. Kuivuta kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini ni kuua giaboksi.

Allion Nyanda za Juu: Bora giaboksi ife kuliko wanangu.

Spacio Nyeusi: Wakuu, tembo tuwafungulie uzi wao. Mkanda jamani!

RAV4 ya Babu: Mnatishana bure. RAV4 yangu ya 1998 ilikata mkanda Chalinze, nikatembea mchana mpaka Morogoro, na joto halikupanda hata kidogo.

Fundi Gerezani: Usiwapoteze watu. Yako ni injini ya 3S, pampu ya maji inazungushwa na taiming belti, mkanda mwingine kule ndani. Wewe ulikuwa unamaliza chaji ya betri tu. Spacio, Allion, IST, Vitz, mkanda huo wa nje ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika ukaendelea kukanyaga mafuta, silinda hedi inapinda.

RAV4 ya Babu: Nimeeleza ya kwangu, sijamwambia mtu afanye.

Fundi Gerezani: Aliyeuliza ana 1ZZ, mjibu yeye.

Na wewe Spacio: injini ikiwa inawaka, mwagia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na nguo mbali. Kelele ikizidi, mkanda unateleza, tenshena imechoka. Ikikata kisha ikarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Halafu zima, toa mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Ya altaneta (inayochaji betri), ya tenshena, zote. Inayokwaruza au kucheza ndiyo mgonjwa wako. Na kama pawa stelingi inavuja juu ya mkanda, ziba kwanza, maana mafuta yataumaliza hata mpya.

Vitz ya Mama: Mie wangu hupakwa sabuni ya mche, kelele kwisha.

Binti Msamvu: Wangu ulipakwa mshumaa 😂

Fundi Gerezani: Dada zangu, hapo mnanyamazisha kelele, ugonjwa mnauacha.

Mvita Probox: Huku Mombasa Probox zetu za injini 1NZ hazina tenshena ya kujikaza yenyewe, wakaza kwa bolti ya altaneta. Jihadharini na fundi mwenye nguvu nyingi. Wangu ulikazwa mpaka ukalia ukipigwa kidole, haukupita muda beringi ya altaneta ikafa.

Corolla Mia Moja na Kumi: Kweli tupu.

Spacio Nyeusi: Nimeamua, vyote viwili. Namba ya mkanda naipataje bila kudanganywa dukani?

Fundi Gerezani: Soma mgongoni mwa mkanda wa zamani. Ikiandikwa 7PK, ni mifereji 7, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Ipeleke dukani ilivyo, usikubali "hii inaingia tu". Kabla ya kuufungua piga picha jinsi unavyopita kwenye puli.

Allion Nyanda za Juu: Na simama hapohapo mpaka uone injini imeinuliwa kwa jeki. Mkanda uliotoka kama haujachanika usiutupe, weka kwenye buti na spana ya 19.

Noah Nyeupe: Mzee wa Semi, na simba je, huwa wanasogea barabarani?