Ziwa limevimba halafu kati pamelainika, mtoto ana wiki tano, nifanyeje?

Mama Kijacho: Wamama wenzangu naombeni msaada. Chuchu ya kushoto ilikuwa na mpasuko nikapuuzia, Jumatatu ziwa likaanza kuuma, Jumatano nikashikwa na homa na baridi mpaka meno yanagongana, pembeni pamekuwa pagumu halafu panawaka moto. Nikanunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa, siku ya tatu leo sioni nafuu. Mama mkwe anasema maziwa yameoza, nimwachishe mtoto na nichane ziwa kwa kitana. Nimechana jamani, nimelia. Leo nikibonyeza kati panachezacheza.

Bi Mdogo wa Tanga: Pole sana mdogo wangu. Kitana weka mbali! Kinaumiza tu ndani uvimbe unazidi. Mimi langu liliishia kupasuliwa kwa kusikiliza watu.

nesi_wa_zamu: Pakichezacheza hivyo mara nyingi ni usaha umeshajikusanya, hapo vidonge peke yake havitoshi. Nenda hospitali yenye utrasaundi leo usingoje kesho. Mara nyingi wanafyonza kwa sindano, baada ya siku mbili tatu wanaangalia tena, usaha ukirudi wanafyonza tena. Jipu likiwa kubwa au ngozi imeshakuwa nyembamba ndo wanapasua. Dawa ni kama cloxacillin au flucloxacillin, kila saa 6, kwa kawaida siku 10, usikatishe homa ikishuka. Una aleji na penisilini? Waambie mapema.

Mama Kijacho: Aleji sina. Na mtoto? Si atakunywa usaha?

nesi_wa_zamu: Maziwa hayajaoza, mnyonyeshe. Ukiacha ghafla yanarundikana ndo unaongeza tatizo. Kama kidonda kipo karibu na chuchu hawezi kushika, kamua upande huo mpaka kipone, ila maziwa lazima yatoke. Kwa mama anayeishi na VVU ni tofauti, ziwa lenye jipu unakamua unamwaga, mtoto ananyonya lile zima, na kliniki wajue.

Bi Mdogo wa Tanga: Na uangaliwe anavyoshika ziwa, mdomo uchukue na lile eneo jeusi, siyo chuchu tu. Mpasuko wako ulianzia hapo. Ukimaliza kunyonyesha weka barafu iliyofungwa kwenye kanga.

Mama Kijacho: Nimerudi wapendwa. Wametoa usaha kwa sindano, bomba zima limejaa!! Keshokutwa narudi. Mtoto ananyonya hapa kama kawaida, mama mkwe anatuangalia tu hasemi kitu, kitana nimekificha.