Naomba ushauri: mbao za paini zimeachia mwanya kwenye maungio ya meza

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nipo Mafinga, na ninamtengenezea mama yangu meza ya chakula kwa mbao tano za paini, zenye unene wa inchi 1 na upana wa inchi 8, ambazo nilizipiga randa ya mkono na kuziunga ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe. Nilizinunua wakati wa mvua za Machi zikiwa bado na unyevu, jambo ambalo sasa ninalijutia, kwani katika ukavu huu wa Julai maungio mawili yameachia mwanya unaopitisha kucha. Je, nipasue maungio hayo, nizianike mbao kivulini kisha nirande upya, au nichonge ulimi na mfereji, yaani ubavu wa ubao mmoja uwe na ukingo unaoingia kwenye mtaro wa ubao wa pili? Klampu, yaani vibanio vya kubana mbao gundi ikikauka, ninazo mbili tu.