N2H+ J=1–0: hesabu mbili zinapishana mara 9. Chanzo ni nini?

Kimondo93:
Habari wakuu. Naomba msaada kwenye hesabu ya N, yaani idadi ya ioni za N2H+ kwa kila sentimita ya mraba ya tunachokiona, ndani ya wingu baridi L1544, lililoko upande wa kundinyota la Taurus. Spektra ni ya darubini ya IRAM ya mita 30, na vijenzi vyote saba vya haipafaini (mpasuko mdogo wa mstari unaoletwa na spini za viini) vya mpito wa mzunguko J=1–0 vinaonekana safi.

Jotoridi la msisimko ni kelvini 5, na ∫τ dv (kina cha macho τ kilichojumlishwa kwenye kasi zote) ya vijenzi vyote kwa pamoja ni 6 km/s. Napata N = 1.6 × 10^14 kwa sentimita ya mraba. Mwenzangu, kwa spektra hiyohiyo, anapata 1.8 × 10^13. Wote tumetumia A (kasi ya mpito wa hiari) na g (uzito wa kitakwimu wa hali ya juu) za hifadhidata ya LAMDA ya Leiden: A = 3.63 × 10^-5 kwa sekunde, g = 3. Tofauti ni Q tu, yaani jumla ya hali zote za molekuli kwa uzito wake katika jotoridi husika. Yangu nimeitoa hifadhidata ya CDMS ya Köln, yeye kaikokotoa mwenyewe. Nilifungua pia faili la haipafaini la CDMS, na kijenzi kile kilichojitenga kina g = 3 vilevile, kwa hiyo kwenye g sioni kasoro. Tuamini hesabu ipi?

FundiSpektra:
Ya mwenzako. Na hiyo 9 ina asili yake kabisa, si kelele za data.

Kiini cha naitrojeni 14 kina spini 1, yaani hali 3. N2H+ ina viini viwili vya namna hiyo: 3 × 3 = 9. CDMS inazihesabu hali zote hizo, ndiyo maana kwa kelvini 5 Q yake ni karibu 23.4 na g ya J=1 nzima ni 27. Faili la LAMDA lisilo na haipafaini haliziweki: g ni 2J+1 = 3, na Q inayokwenda nayo ni 2.60. Kwa upande wa Q na g, mlinganyo wa N unahitaji uwiano Q/g tu. 23.4/27 ni 0.867; 2.60/3 ni 0.867. Wewe umegawa 23.4 kwa 3.

Sasa ile g = 3 ya kijenzi kilichojitenga, hapo ndipo watu wengi hunaswa. Ile ni 2F+1 ya hali ya juu F1=0, F=1 (F1 na F ni namba za hali za haipafaini). Ni hali 3 kati ya 27, na ndiyo sababu kijenzi hicho, kilicho karibu 8 km/s upande wa masafa ya juu, kinabeba 1/9 ya nguvu yote. Ya LAMDA ni 2J+1 ya J=1 nzima. Tarakimu zimefanana, maana mbalimbali.

Kwa hiyo una njia tatu halali, na zote lazima zikupe jibu moja:
– τ ya vijenzi vyote, g = 3, Q = 2.60
– τ ya vijenzi vyote, g = 27, Q = 23.4
– τ ya kijenzi kilichojitenga peke yake, g = 3, Q = 23.4

Ukichagua ya tatu, kumbuka kijenzi hicho ni mipito mitatu iliyolaliana, F=1 kwenda 0, 1 na 2. Jumlisha A zake zote tatu, utarudi kwenye 3.63 × 10^-5. Na usizidishe tena kwa 9 mwishoni, maana Q imeshalibeba hilo.

Kipimo cha skripti yako: kelvini 5, ∫τ dv = 1 km/s kwa vijenzi vyote, itoke N ≈ 3.0 × 10^12. Isipotoka, usiendelee mbele.

Mizani_ya_Nyota:
Naongezea namna ya kuigundua shida hii kwa molekuli yoyote ya mstari mnyoofu bila kusubiri matokeo yagongane. Kokotoa kT/hB + 1/3, ambapo B ni namba thabiti ya mzunguko wa molekuli na kT/h ni 20,836.6 MHz kwa kila kelvini. Kwa N2H+, B ni 46,586.9 MHz, hivyo kwa kelvini 300 unapata 134.5. Gawa Q ya hifadhidata kwa namba hiyo. Ikija 1, spini za naitrojeni hazimo. Ikija 9, zimo. HCN kwenye CDMS itakupa 3, kwa kuwa naitrojeni ni moja. Hata hapa N2H+ ina protoni ambayo ingeongeza 2, ila haikuhesabiwa. Ni makubaliano ya kila katalogi, si sheria ya maumbile, ndiyo maana Q, g na A nazichukua chungu kimoja.

Katalogi za CDMS na JPL hazina A kwenye mstari wa kawaida. Zina logi ya ukali I kwa kelvini 300, kwa nm² MHz. Ubadilishaji ni huu:

A = 2.7964 × 10^-16 × I × ν² × (Q/g) ÷ (e^(−E″/kT) − e^(−E′/kT))

ν iko kwa MHz, Q ni ya kelvini 300, E″ ni nishati ya hali ya chini na E′ ya hali ya juu. Jaribu na CO 1–0: ν = 115,271.2018, logi ya I = −5.0105, Q = 108.865, g = 3, E″ = 0. Utapata 7.20 × 10^-8 kwa sekunde. Angalia pia vizio vya nishati, kwani ELO, safu ya nishati kwenye katalogi, iko kwa cm^-1 na ni ya hali ya CHINI. Zidisha kwa 1.4388 kupata kelvini, kisha ongeza hν/k kabla ya kuiita nishati ya juu.

Onyo kwa atakayechanganya na hifadhidata ya HITRAN: ukali wake ni wa kelvini 296 na tayari umezidishwa kwa wingi wa isotopu wa duniani. Kwenye wingu la Taurus uwiano huo hauna maana.

Kimondo93:
Asanteni sana wakuu. Njia zote tatu sasa zinanipa 1.8 × 10^13. Swali la mwisho: sehemu nyingine za wingu ziko kelvini 7, na jedwali la CDMS linaruka kutoka 5 hadi 9.375. Na je, kuchota kila kitu kupitia VAMDC, lango la pamoja la hifadhidata za atomu na molekuli, kungeondoa hatari hii?

FundiSpektra:
Kwa molekuli nyoofu, chora mstari wa moja kwa moja kati ya 5 na 9.375; kwa N2H+ kosa halifiki asilimia 0.1. Kwa methanoli na nyingine zisizo nyoofu fanya hivyo kwenye logi ya Q dhidi ya logi ya T, kwa sababu Q inapanda karibu na T^1.5. Usishuke kutoka kelvini 300 kwa uwiano wa T tu: kwa N2H+ ya kelvini 5 ungepata 2.24 badala ya 2.60, pungufu asilimia 14.

VAMDC inakuunganishia hifadhidata nyingi kwa ombi moja, na jibu linakuja kwa muundo mmoja, XSAMS. Lakini muundo ni mmoja, makubaliano ya fizikia yanabaki ya mwenye data. Fungua kila hali uone uzito wa kitakwimu ulioandikwa. Faida yake kubwa ni kwamba Query Store yao (hifadhi ya maombi) inalipatia ombi lako kitambulisho cha kudumu, chenye tarehe na marejeo ya waliopima maabara. Weka kitambulisho hicho kwenye makala yako, na uwataje waliopima kwa majina. Kazi yao ndiyo inayokupa 93,173 MHz kwa usahihi wa kilohezi chache.