Klematisi inanifia Houston kila kiangazi, nakosea wapi?

BintiTanga
Habarini wapendwa, mwenzenu nina kilio. Nipo Houston mwaka wa sita na hii ni klematisi ya pili kunifia. Niliionaga kwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia Seattle kabla sijahamia huku, imepanda ukuta mzima, maua ya zambarau makubwa kama kiganja, nikasema siku nikipata nyumba yenye uwanja lazima niwe nayo. Dukani nikaikuta Nelly Moser, ile ya waridi yenye mstari katikati, nikanunua, ikafa Julai mwaka jana. Mwaka huu nikanunua ileile tena nikapanda Mei, kwenye ukuta wa matofali upande wa jua la jioni, namwagilia asubuhi na jioni sikosi. Imetoa maua manne tu. Wiki iliyopita nimelala ni nzima kabisa, naamka bua moja limelegea lote juu mpaka chini, majani yananing'inia kama mchicha uliochemshwa, siku ya tatu jeusi. Nikaongeza maji, na bua la pili nalo likaenda. Udongo wa kwangu ukilowa unanata kwenye kiatu, ukikauka unapasuka naingiza kidole. Niambieni ukweli, huu mmea ni wa nchi za baridi tu au kuna namna?

Mzee wa Kitalu
Pole sana dada. Nafanya kazi kwenye kitalu cha miche hapahapa Houston mwaka wa tisa, na kila Julai watu wananiletea picha ya bua jeusi kama hilo lako. Kwanza usiing'oe! Futa mkasi kwa spiriti, kata mabua yote yaliyonyauka mpaka usawa wa udongo, uyatie kwenye mfuko wa taka, usiyaache hapo chini maana ule mnyauko unaletwa na ukungu na unaishi kwenye mabaki. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Halafu fukua taratibu kwa vidole pembeni ya shina uangalie mizizi, ni minene kama tambi. Ikiwa migumu, ya kahawia ya kung'aa, mmea uko hai. Ukivuta kidogo ganda likavuka ukabaki na uzi mkononi, na harufu kama ya mtaro, hiyo imeoza na kilichoiozesha ni maji.

Maana tatizo la huku wala si jua, klematisi inapenda jua kichwani. Tatizo ni mizizi kupata joto na usiku kutopoa, Agosti hapa saa nane usiku bado ni nyuzi 25, mmea haupumziki, halafu wewe umeuweka kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, matofali yanashika joto mpaka usiku wa manane. Mtu akiona majani yamelegea anadhani ni kiu anamwaga maji, na udongo wetu mfinyanzi hauyaachii, mizizi inakosa hewa, ndo basi tena. Mwagilia mara mbili kwa wiki, maji yazame kweli, na kabla hujamwaga ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, ukikuta unyevu acha.

Na hiyo Nelly Moser mimi simuuzii mtu wa Houston bila kumwonya. Zile za maua makubwa za mapema ndizo zinazoshikwa sana na mnyauko, na jua kali linaifubaza rangi. Ile ya zambarau uliyoiona Seattle kwa maelezo yako inafanana na Jackmanii, hiyo huku inawezekana. Bora zaidi jamii ya viticella, asili yake kusini mwa Ulaya, tafuta Etoile Violette, zambarau hiyohiyo ila maua madogo na mengi. Zote hizi zinatoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo mwezi wa pili unakata yote unabakiza kama sentimita 30, mabua ya zamani yenye ugonjwa yanaondoka nayo.

Usipande tena Mei. Panda Novemba, mizizi ipate miezi ya ubaridi. Inua tuta, changanya mboji na magome ya msonobari, upande wa jua la asubuhi, na uzike vifundo viwili vya bua, pale majani yanapotokea, chini ya udongo, ukungu ukiua juu inachipua kutoka chini.

Mama Atlanta
Nakubaliana na mzee ila kuzika vifundo kwenye mfinyanzi bila tuta mimi iliniozea, kwa hiyo hapo kwenye tuta dada usiparuke. Yangu ipo kwenye chungu kikubwa cha udongo, si cha plastiki cheusi, saa saba mchana ukikishika hicho cheusi unatoa mkono mwenyewe. Mbele yake nimepanga vyungu vya maua mafupi vikitie kivuli, na matandazo juu, ila yasiguse bua. Na ukikutana na ile nyeupe ndogo yenye harufu nzuri inayochanua kuelekea Septemba, asili yake Japani, usiichukue. Inastahimili joto kweli lakini mbegu zinaruka, huku kusini mashariki imeingia mpaka msituni inafunika miti.

Mzee wa Kitalu
Kweli mama. Na wanaotaka ya kienyeji wasisahau Texas ina klematisi zake, texensis yenye vikengele vyekundu inatoka milima ya chokaa huko magharibi ya Austin, na crispa ya vikengele vya samawati inaota kwenye vinamasi vya kusini, hiyo hata unyevu haiogopi sana.

Kijana wa Mbezi
Wakuu na sisi wa Dar je? Kuna mtu ananiletea mche kutoka Uingereza

Mzee wa Kitalu
Mdogo wangu mwambie asihangaike. Houston Januari usiku tunashuka mpaka nyuzi 6 au 7, mmea unalala kidogo. Dar hata Julai hupati hiyo, mche utachoka tu mpaka ufe.

Shangazi Lushoto
Mbezi panda asumini au alamanda mwanangu, vitakushukuru. Klematisi ziko kwetu huku Usambara, za mwitu, zinapanda pembezoni mwa msitu, maua ya maziwa halafu mbegu zenye mikia ya manyoya kama pamba, asubuhi ukungu ukiwa bado haujaondoka zinashika umande utadhani shanga. Ukishuka nazo Korogwe tu zinakataa.

BintiTanga
Shangazi umenikumbusha nyumbani jamani. Nimefukua leo asubuhi. Mizizi mingi imevuka ganda kama alivyosema mzee, na ile harufu ipo, ila upande mmoja iko minne migumu, na kwenye kifundo cha chini kuna kichipukizi cheupe kama punje ya mchele. Nimeifunika nimeacha kumwagilia. Mzee, nikiihamishia kwenye chungu sasa hivi itavumilia au nisubiri Novemba?

Mzee wa Kitalu
Subiri. Weka tu kitu cha kuikinga na jua la jioni, hata ubao, na usiiguse mizizi mpaka ubaridi uingie.