Canter ya zamani: nataka taa ya ndani iwake yenyewe nikifungua mlango

Mtu wa Kibirizi

Wakuu habari za mda huu. Nina Canter ya zamani, zile za miaka ya 90, nafanyia kazi hapa Kigoma mjini na safari za Kasulu na Uvinza, mara moja moja nafika Tabora. Injini haina shida kabisa ila kabini ilishachezewa na mwenye gari wa kwanza, milango yote imebadilishwa, na taa ya ndani ilitolewa, pale juu kimebaki kitundu na nyaya mbili zimefungwa tepu. Sasa kipindi hiki cha giza dagaa ni wengi, mzigo tunapakia saa kumi alfajiri, nikifungua mlango kutafuta risiti au karatasi za ushuru inabidi niwashe tochi ya simu niing'ate na meno huku nafukua kwenye dashibodi. Nataka taa iwake mlango ukifunguliwa na izime mlango ukifungwa, kama gari ndogo.

Nimeshanunua mkanda wa LED pale Mwanga. Fundi wa kwanza anataka kuvuta waya wa moto mpaka mlangoni kwenye swichi halafu aurudishe juu kwenye taa. Wa pili anasema bila kufunga kontroli boksi haiwezekani. Yupi nimsikilize? Na nikiacha mlango wazi wakati wa kupakia, betri si zitaisha? Naomba kuwasilisha.

Fundi Waya Tbr

Mkuu, kabla hujabandika chochote, huo mkanda umeandikwa volti ngapi? Canter nyingi zilizotoka Japani ni za volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo, na mikanda iliyojaa madukani mingi ni ya 12. Ukiiweka kwenye 24 itawaka nyeupe ya kupendeza kweli kweli, watu watakusifia, dakika chache utaanza kusikia harufu. Geuza mkanda usome nyuma, afu chukua mita upime ncha ya kwanza ya betri ya kwanza mpaka ncha ya mwisho ya betri ya pili, usipime betri moja ukasema nimepata 12.

Na asije mtu akakushauri uchukue 12 kwenye betri moja. Najua ndo wanavyofanya kwenye redio, tena wanaona ni ujanja. Oltaneta inachaji betri zote mbili kama kitu kimoja, haijui ipi imeibiwa, kwahiyo ile inayoibiwa inashinda na njaa na mwenzake anashibishwa kupita kiasi, mwisho wa siku zinakufa zote na wewe unalaumu muuza betri.

Kama mkanda ni wa 12 usiutupe lakini. Kata vipande viwili vya urefu sawa, ukate pale penye alama ya mkasi tu, viunge mfululizo, yani ncha ya hasi ya kipande cha kwanza iingie kwenye chanya ya kipande cha pili. Vitagawana volti. Ubaya wake kipande kimoja kikifa vyote vinazima. Mimi kwa gari ya kazi ningenunua balbu ya 24 yenye kava lake, wanazo kwenye maduka ya spea za malori.

Sasa swali lenyewe. Wa kontroli boksi achana nae. Huyu wa kupeleka moto mlangoni taa itawaka vizuri tu, ila kachagua njia mbaya. Gari za zamani za Japani karibu zote hazikati moto, zinakata ethi, yani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha bodi. Moto unakaa kwenye taa muda wote kupitia fyuzi, upande wa pili wa taa unashuka waya mmoja mwembamba mpaka kwenye swichi ya mlango, ile yenye kidole kinachochomoza kwenye nguzo. Ndani ya ile swichi hamna maajabu, mlango ukifunguka springi inasukuma kidole nje, chuma kinagusa chuma, waya unapata bodi, taa inawaka. Ukifunga, kidole kinaingia ndani, chuma kinaachia. Ndo maana ina waya mmoja tu, skrubu inayoishikilia ndiyo ethi yake.

Ubora wa hii njia utauona siku waya umechubuka. Nguzo za kabini zina kingo kali na barabara zetu unazijua. Waya wa ethi ukichubuka ukagusa bodi kinachotokea ni taa kuwaka mlango ukiwa umefungwa, basi, unajua kuna tatizo. Waya wa moto ukichubuka hapo hapo ni shoti, na kama fundi hakuweka fyuzi unaona moshi kwenye nguzo.

Kwa milango miwili unaweka swichi kila upande, nyaya zake mbili unaziunga pamoja zinapanda na waya mmoja. Mlango wowote ukifunguka inawaka. Waya mwembamba unatosha, wa milimita za mraba 0.75 hauna wasiwasi. Fyuzi ya ampea 5, tena iwe karibu na unapochukulia moto, sio karibu na taa.

Mtu wa Kibirizi

Asante sana fundi, nimekuelewa. Nimegeuza mkanda, ni 12 kweli, na betri zinasoma 25 na kitu. Mungu ni mwema. Hizo nyaya mbili za juu nizitumie au nivute mpya? Na hapo kwenye nguzo sioni swichi yoyote, kuna kizibo cha mpira tu.

Fundi Waya Tbr

Toa hicho kizibo, kuna uwezekano mkubwa ndo tundu lenyewe la swichi. Waliorekebisha bodi walitoa swichi wakaziba. Chungulia na tochi, pengine waya wa zamani umelala humo ndani unakusubiri.

Za juu zipime. Chomoa ufunguo kabisa, shika testa ya balbu, klipu yake bana kwenye chuma safi cha bodi, afu gusa waya mmoja mmoja. Unaowasha testa bila ufunguo ndo moto wa kudumu. Ule usiowasha ndo wa kwenda mlangoni. Kama hakuna hata mmoja unaowasha, fyuzi imeungua au waliukata huko chini, usihangaike kuufukua, chukua moto kwenye fyuzi ya hazadi (taa za dharura) au ya honi, hizo kwa kawaida zina moto hata ufunguo ukiwa mfukoni. Usichukue kwenye ya redio bila kupima, nyingine zinakufa ukichomoa ufunguo.

Mama Asali

Naongezea kitu kimoja jamani. Sisi tunabeba mizinga na asali kutoka huku maporini Sikonge, usiku ndo safari maana mchana nyuki hawakupi nafasi. Taa nyeupe ya LED ndani ya kabini tuliitoa. Ukifungua mlango tu nyuki wote waliokuwa wamepanda na mzigo wanaifuata hiyo taa na wewe uko chini yake. Tukaweka nyekundu, nyuki haioni rangi nyekundu, unasoma karatasi zako kwa amani. Kwa wewe mdogo wangu wa mwaloni sio nyuki ila wale wadudu wa ziwani nao wanapenda mwanga mweupe. Nunua ya njano, wanapungua sana, hawaishi lakini wanapungua. Halafu na macho, ukikaa kwenye mwanga mweupe afu ukaingia barabarani gizani inachukua muda kabla hujaona vizuri.

Dereva Mstaafu

Mnamfundisha vizuri ila mnasahau anavyofanya kazi. Huyu kijana akipakia milango inashinda wazi, utingo anaingia anatoka, yeye yuko nje anahesabu magunia. Taa ya mlango pekee ni mateso. Zile taa za asili zilikuwa na swichi ya sehemu tatu, imeandikwa ON, DOOR, OFF, na waliotengeneza hawakuwa wajinga. Weka DOOR ukiwa safarini, weka OFF ukiwa unapakia. Tafuta taa kamili ya gari lililokatwa, usibandike mkanda kama saluni.

Kuhusu betri, balbu ya wati 10 kwenye volti 24 inakula ampea 0.4 hivi. Hata ikiwaka kwa muda wa saa 10 ni kama ampea-saa 4, betri nzima ya 70 haitikisiki. LED ndogo inakula chini ya hapo. Asubuhi gari ikigoma kuwaka kwa sababu ya taa ya ndani, betri ilikuwa imeshachoka siku nyingi, taa imesingiziwa.

Kidagaa cha Ujiji

Kwa ambao wanakosa swichi ya mlango dukani, msisafiri mpaka Dar. Swichi ya breki ya mbele ya bodaboda, ile ndogo inayokaa kwenye mkono wa breki, nyingi zinafanya kazi ile ile. Mkono ukiwa umetulia unabonyeza kidole ndani, taa ya breki imezima, ukivuta mkono kidole kinatoka, inawaka. Weka mlango badala ya mkono wa breki. Ina nyaya mbili, mmoja unapeleka kwenye taa, mwingine unafunga kwenye bodi. Shida ni kuitengenezea kishikio kizuri, ni ndogo na ukiupiga mlango kwa hasira inavunjika. Kuna mtu hapa kaweka ya friji, ile inayozima taa ya friji ukifunga mlango. Inafanya, lakini vumbi la barabara ya Kasulu haikutengenezewa.

Ila mjihadhari na zile za sumaku za alamu za nyumbani. Nyingi ziko kinyume, sumaku ikiwa karibu zinaunga, ikiwa mbali zinakata. Ukifunga hivyo hivyo taa inawaka mlango ukifungwa na inazima ukifungua, utajiona umerogwa.

Mtu wa Kibirizi

Hahaha mzee hapo kwenye saluni umenimaliza. Basi mkanda nampa wife aweke kwenye genge lake, natafuta taa kamili. Swali la nyongeza wakuu, kuna taa kubwa ya nyuma inayomulika bodi wakati wa kupakia. Naweza kuiunga hapo hapo nayo iwake nikifungua mlango?

Fundi Waya Tbr

Usiiunge moja kwa moja, swichi ya mlango ni ya umeme mdogo, ukipitisha taa ya kazi chuma kile cha ndani kitaungua. Tumia rilei, yani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, tena ya volti 24, ya 12 itachemka. Namba zimeandikwa chini yake. 30 inatoka betri kupitia fyuzi yake yenyewe, 87 inaenda kwenye taa ya nyuma, 86 inapata ule moto wa kudumu wa taa ya ndani, 85 inaenda kwenye waya wa swichi ya mlango. Hapo swichi inabeba umeme wa kuamsha rilei tu. Na kati ya 85 na waya wa mlango weka swichi ya kawaida kwenye dashibodi ili uikate, la sivyo kila ukishuka kukojoa porini kule Malagarasi unamulikwa na taa yako mwenyewe.

Jingine, dereva mstaafu kasema kweli kuhusu kutafuta taa kamili ila akumbuke ukitoa taa kwenye gari ndogo iliyokatwa balbu yake ni ya 12. Kava na swichi chukua, balbu badilisha. Ukiweka ya LED ikakataa kuwaka usiirudishe dukani, igeuze kwanza, zile zina upande.

Na unapofunga swichi kwenye nguzo kwangua rangi pale skrubu inapokaa mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, afu paka grisi juu. Kabini iliyopigwa rangi upya ndo inasumbua sana, mtu anafunga kila kitu sawa taa haiwaki, anaanza kubadilisha waya, kumbe swichi imekaa juu ya rangi na haina ethi.

Dereva Mstaafu

Balbu nilijua kijana.

Hailaksi ya Uyui

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi ni Hilux, volti 12, taa ya mlango ipo na inafanya kazi, nimebadilisha balbu ya kawaida nikaweka LED. Sasa mlango ukifungwa haizimi kabisa, inabaki na mwanga hafifu kama kaa la moto. Swichi nimebadilisha, bado.

Fundi Waya Tbr

Una alamu kwenye hiyo gari?

Hailaksi ya Uyui

Ndio, alifunga aliyeniuzia.

Fundi Waya Tbr

Basi swichi yako haina kosa. Alamu imeungwa kwenye waya wa mlango ili ijue mlango ukifunguliwa, na inapitisha umeme kidogo sana. Balbu ya zamani haikuuona, LED inauona. Chomoa ule waya wa alamu kwenye waya wa mlango uone kama taa inazima kabisa. Ikizima, rudisha waya wa alamu mahali pake halafu rudisha balbu ya kawaida ya wati 5, au tafuta LED iliyoandikwa kwamba ina rizista ndani.