Naomba ushauri: aliyepita kwenye maumivu aanze lini kuwashauri wengine?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu watu wanaofungua huduma ya ushauri nasaha baada ya kuvuka uraibu, msiba au ndoa iliyovunjika. Mafunzo na usajili yana njia yake. Kinachosumbua ni kupima utayari.

Kuhesabu miaka tangu jeraha hakutoshi. Dalili ziko ndani ya kikao: mshauri anammalizia mteja sentensi, dakika 50 zinageuka saa moja na nusu, simu zinapokelewa usiku wa manane, na kwenye daftari lake "kama mimi" inajirudia. Hapo anajitibu mwenyewe kupitia mtu mwingine. Mteja naye huanza kumlinda: anaficha kwamba amerudia kunywa, asimvunje moyo. Hili linaniuma kuliko yote, maana aliyekuja kusaidiwa ndiye anayebeba mzigo.

Kusimulia yaliyokupata, naona sentensi mbili zinatosha, kisha mazungumzo yarudi kwa mteja. Ushuhuda mrefu una mahali pake, kama kwenye vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, lakini kule wote ni wenza, hakuna mshauri wala mteja.

Sasa, wenye uzoefu wa kusimamia washauri: mwaka wa kwanza wanaonana na msimamizi kila wiki, au mara mbili kwa mwezi inatosha? Wateja wenye tatizo lilelile lililompata mshauri, wawe wachache, tuseme 2 kati ya 6, au asiwapokee kabisa? Na mshauri akiteleza tena, mnawahamishaje wateja wake bila wao kuhisi wametelekezwa?