Gego la chini limeoza: nitibu mzizi au ning'oe? Naogopa sana kiti cha daktari wa meno

NyarSeme, Kisumu
Habari zenu. Ujumbe huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Nina miaka 34. Gego langu la kwanza la chini, upande wa kulia, lilivunjika kona mwezi wa nane nikitafuna nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha). Nikaliacha. Wiki tatu zilizopita likaanza kupwita usiku: nikilala linapiga, nikiketi linapungua. Nikanunua dawa za maumivu na antibayotiki za siku tano pale Kondele. Maumivu yakaisha kabisa. Ila kumetokea kipele kidogo kwenye ufizi, nikikibonyeza kinatoa majimaji ya chumvichumvi.

Wiki jana nilijikokota hadi kliniki, nikapigwa picha. Daktari alisema uozo umefika kwenye mshipa lakini mizizi bado imara, kwa hiyo nichague: kutibu mzizi halafu jino livikwe kofia (ganda gumu la kulifunika), au kung'oa. Kutibu mzizi ni shilingi 12,000, kofia 20,000 juu yake. Kung'oa ni 2,000.

Pesa ni shida, lakini si shida kubwa. Nikiwa darasa la tatu watu watatu walinishika mabega na miguu, jino likang'olewa kabla ganzi haijashika. Ule mlio wa jino kuachana na mfupa nausikia mpaka leo. Miaka 25 sikukalia kiti kile, na wiki jana, kwa picha tu, nilitoka blauzi imelowa mgongoni. Moyo unaniambia ng'oa, dakika kumi, yaishe. Mume wangu anasema nilihifadhi. Nyinyi mliopitia haya, niambieni ukweli.

Baba Riziki, Kibuye
Pole sana dada. Mimi niling'oa gego 2019 na sijuti. Niliingia asubuhi, saa sita nilikuwa nimefungua kibanda changu. Natafuna upande wa kushoto na nimezoea. Hiyo 32,000 kwangu ni karo ya watoto wawili. Mtu asikufanye uone kama unakosa akili ukichagua ya 2,000.

Mama Tausi, Kakamega
Baba Riziki amesema lake, nami niseme langu. Niling'oa gego kama hilo la NyarSeme nikiwa na miaka 30, na sababu haikuwa pesa. Ilikuwa uoga. Nilitaka niingie nitoke. Sasa nina 41. Jino la nyuma limelala kuelekea penye pengo, na la juu, lile lililokuwa likikutana nalo, limeshuka kwa sababu halina la kuliegemea. Kati yao kuna kijishimo ambamo kila siku nyuzi za sukuma wiki na nyama zinaingia. Natembea na vijiti kwenye mkoba. Siwezi kukaa mezani na wageni bila kwenda nje kwanza kujichokoa. Muwa nimeacha, na mimi nimezaliwa kwenye miwa.

Mwaka jana nikauliza kuhusu jino la kubandika. Nikaambiwa la kupandikiza kwenye mfupa ni ghali kuliko kutibu mzizi na kofia pamoja, na la kuvaa na kuvua ni nafuu, lakini kwanza lile lililolala lishughulikiwe. Kumbe ile elfu mbili haikuwa bei yote.

KijanaNyalenda
Wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini bila ganzi yoyote na wakanyamaza. Dada jikaze tu.

Japuonj, Ahero
Kijana wangu, pole pole. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa na pengo hilo la nago, ile mila yetu Waluo ya kung'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Nilimuuliza nikiwa mtoto kama aliumia. Alifunika mdomo kwa kiganja kabla ya kujibu, na alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 70 wakati huo. Alisema alisikia uchungu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuruhusiwa kuusema. Kwa hiyo tusimtumie nyanya kumnyamazisha huyu binti. Amekuja kuusema, na amefanya vizuri.

KijanaNyalenda
Nimesikia mwalimu. Dada, samahani.

AfisaKinywa, Siaya
Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, hospitali ya kaunti ndogo. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Dada NyarSeme, tuanze na kipele. Maumivu yaliisha kwa sababu mshipa ndani ya jino umekufa na usaha umepata mlango wa kutokea. Jino halijapona. Dawa za kumeza husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena, kwa hiyo wadudu waliomo hawaguswi. Ukikaa hivyo linaweza kuvimba tena. Na likivimba mpaka chini ya taya, au ukashindwa kufungua mdomo, kumeza mate, ama ukapata homa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, maana uvimbe wa hapo unaweza kuziba njia ya hewa.

Sasa kuhusu uoga. Wengi hudhani kung'oa ndiyo njia ya kukwepa sindano. Sindano ni ileile. Kwa gego la chini ganzi hudungwa nyuma kabisa ya taya, mahali mshipa unapoingia kwenye mfupa, na baada ya muda unahisi mdomo wa chini na nusu ya ulimi vimekuwa vizito. Kilichokupata darasa la tatu naweza kukikisia: penye usaha nyama huwa na asidi nyingi na ganzi hushika kwa shida, na pengine hawakusubiri. Siku hizi mgonjwa akisema bado anahisi, anaongezewa au anadungwa mbali na penye uvimbe. Neno "bado" ni haki yako. Lifanyie mazoezi kabla hujaenda.

Tofauti inaanza baada ya ganzi kushika. Kung'oa kunahitaji nguvu. Hutasikia maumivu, lakini utahisi kusukumwa, taya likitikiswa, na huo mlio ulioutaja utausikia tena, kwa sababu mlio haufi ganzi. Kutibu mzizi hakuna kuvuta. Jino linatobolewa juu, visindano vyembamba kama nywele ngumu vinapitishwa kwenye mifereji, inaoshwa kwa dawa, inakaushwa, kisha inajazwa aina ya utomvu wa mti unaolainika kwa joto. Gego la chini huwa na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, ndiyo maana kazi inachukua saa nzima au zaidi na mara nyingi unarudi mara ya pili. Na kwa kuwa mshipa wako umeshakufa, ndani hamna mengi ya kuuma.

Kwa hiyo nakwambia hivi kama mtu anayeng'oa meno kila wiki: kwa uoga huu wako hasa, wa kushikwa na wa ule mlio, kutibu mzizi kuna machache ya kukutisha kuliko kung'oa. Ni kurefu tu.

Kung'oa nakushauri kama jino limepasuka mpaka chini ya ufizi, kama linalegea kwa sababu mfupa umeliwa, kama ni lile gego la mwisho kabisa lisilokutana na kitu, au kama kofia haitapatikana kamwe. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Ukilitafunia mahindi ya kuchoma bila kofia, siku moja litapasuka katikati, na hapo hata hizo 12,000 zimepotea.

Baba Riziki, Kibuye
Afisa, hapo penye kofia ndipo sisi wa kipato cha siku kwa siku tunapokwama. Anaweza kutibu mzizi mwezi huu na kofia mwezi wa tatu?

AfisaKinywa, Siaya
Wiki chache sawa, ikiwa limezibwa vizuri na hatafunii upande huo. Miezi mingi ni kulichezea jino. Aongee na kliniki mapema alipe kwa awamu, wengi hukubali. Tena aulize kwanza bima yake inalipia nini. Tangu bima ya taifa ya SHA ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 nakutana na watu wanaodhani kila kitu kimelipiwa, na wengine wanaodhani hakuna kitu. Kuuliza kabla ya kukaa kitini ni bora.

MsafiriNjoro, Nakuru
Naongeza upande mwingine wa uoga ambao hatuusemi. Mimi sikuogopa sindano. Niliogopa kufungua mdomo. Nimekulia Njoro, meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, na nilijua daktari ataniuliza kama huwa napiga mswaki. Nilikaa na jino bovu miaka minne kwa aibu hiyo. Siku niliyokwenda, daktari aliangalia mara moja akasema, "Wewe ni wa maji ya Bonde la Ufa." Basi. Visima vingi huku vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa meno yakiwa yanajijenga ndani ya ufizi huota nayo ya rangi. Si uchafu. Nilitokwa na machozi pale kitini na hakuna aliyekuwa amenigusa.

Nilitibiwa mzizi wa jino la mbele, ziara moja tu, maana la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Kila nikiinua mkono wa kushoto daktari alisimama. Tulikubaliana hivyo kabla hajavaa glavu. Dada, mwambie daktari mambo ya darasa la tatu. Asipokusikiliza, tafuta mwingine, na kabla ya kwenda hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, inapatikana mtandaoni.

NyarSeme
Asanteni. Nimesoma yote nikiwa jikoni, ugali umeshika sufuria. Sikuwahi kufikiri kwamba ninachokiogopa kiko zaidi kwenye ile njia niliyotaka kukimbilia. Mtu aniambie basi, kutibu mzizi mtu anasikia nini? Msinifiche.

MamaMilimani, Kisumu
Mimi nimefanyiwa gego la chini mwaka huu, nikueleze nilivyosikia. Kwanza jeli ya kufisha ufizi, ina ladha kama peremende. Sindano: kuchomwa kama na mwiba, halafu kujaa, kama mtu anakubonyeza kwa kidole kwa ndani. Nikasubiri robo saa. Akagonga ufizi kwa chuma kidogo akauliza kama naona ncha au naona uzito tu. Uzito tu. Wakanitandazia mpira mwembamba mdomoni, jino moja tu likachungulia, ndiyo maji na dawa visiingie kooni. Huo mpira ulinibana roho dakika za kwanza, sitakuficha, mpaka nikakumbuka kupumua kwa pua. Kisha mashine, mlio mwembamba wa juu, kama dakika mbili tatu. Baada ya hapo ni kimya. Anakwangua kwa vidole, kama mtu anasafisha sindano ya cherehani. Harufu ya dawa ni kama ile ya kufulia nguo nyeupe. Taya lilichoka kuliko jino. Niliomba kupumzika mara mbili.

Siku mbili za baadaye jino liliuma nikiumanisha meno, nikameza dawa za maumivu, likaacha. Nilikula kabla ya kwenda, uji na ndizi, maana njaa inaongeza kutetemeka. Na omba saa ya kwanza ya asubuhi. Ukipewa saa tisa utashinda ukijiogopesha.

Mama Tausi, Kakamega
Na usiende peke yako, dada yangu. Kama ungekuwa Kakamega ningekuja mwenyewe.

NyarSeme
Nimerudi. Jumanne nilikwenda, saa mbili asubuhi. Mume wangu alikaa kwenye stuli karibu na miguu yangu na mkono wake juu ya kiatu changu muda wote. Nilimweleza daktari kila kitu kabla sijakaa. Aliweka vifaa chini, akavuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nilisema "bado" mara moja, akaongeza ganzi akasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Niliinua mkono mara tatu. Mara ya tatu sikuwa na maumivu yoyote, nilitaka tu kuona kama kweli atasimama. Alisimama.

Wameweka dawa ndani na kuziba kwa muda, nirudi baada ya wiki mbili wajaze. Kofia nitalipa kwa mara nne. Kipele kimeanza kukauka. Nililia kwenye tuktuk nikirudi nyumbani, lakini kilio chenyewe kilikuwa kingine.

Swali moja kwa Afisa. Leo jioni nimepitisha ulimi nikaona ile dawa ya juu imemomonyoka pembeni kidogo. Nisubiri siku ya miadi?

AfisaKinywa, Siaya
Hapana dada, rudi kesho. Mate yakipenya yanaingia na wadudu, na kazi yote ya Jumanne inaharibika. Kuziba upya ni dakika tano, na hakuna sindano.

NyarSeme
Haya. Kesho saa mbili. Safari hii nitakwenda mwenyewe.